Ubongo ukitikisika una njaa, mlisheni mgonjwa wenu

Msimu wa karafuu huku Pemba hauishi bila kusikia fulani kaanguka, tawi limekatika naye huyo chini, na akinyanyuka akasema sijambo basi anapanguswa vumbi kazi inaendelea. Safari hii alikuwa mtoto wa dada yangu. Hospitali wakamtizama wakatwambia fuvu zima, ubongo ndo umetikisika, arudi nyumbani apumzike. Habari ya kula hatukwambiwa.

Na kula ndo kwenyewe jamani. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu zote, na ukitikisika chembe zake zinataka sukari zaidi ili zijiweke sawa, huku damu inayoupelekea hiyo sukari imepungua, yaani una njaa wakati ule ule ambao mwenyewe kichefuchefu kimemshika hataki hata kuona sahani. Sisi tulikuwa tunampa kidogo kidogo, uji wa mtama, baadae muhogo na samaki vibua wa kuchemsha, mayai, mchicha, ndizi mbivu, na maji mara kwa mara. Chai ya rangi na mkate kutwa nzima si chakula cha mgonjwa huyu, na vile vinywaji vya enaji mie nimevikataa kabisa, vinamkosesha usingizi tu na usingizi anauhitaji mno.

Bibi yake hakutaka alale, anasema akilala haamki huyu. Nikamwambia mama, daktari keshamuona, mwache alale, tutakuwa tunamwangalia. Cha kuogopa ni akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akiamshwa haamki vizuri, akipata degedege au mboni moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, hapo ni kumkimbiza hospitali usiku huo huo.

Wala si kumfungia chumbani wiki nzima. Siku moja mbili atulie, simu mbali, halafu aanze kutembea taratibu, dalili zikizidi apunguze. Alitaka kufunga saumu Jumatatu, nikamwambia ngoja kwanza upone.

Hofu yangu kubwa ni kurudi kupanda mkarafuu. Kizunguzungu bado kinamjia, na kichwa kikigongwa tena kabla hakijapona ndo hatari zaidi. Mwenye shamba keshauliza atarudi lini, nimemjibu kwa sasa akae jamvini achambue karafuu na makonyo, vile vikonyo vyake, kupanda mpaka daktari aseme.