Nililipa Dola Kumwona Panya wa Morogoro

Chumba nilichokiwekea nafasi mwezi mzima kabla ya safari hakikuwapo. Kijana wa mapokezi alinieleza, huku akitabasamu, kwamba mji wote wa Siem Reap umejaa wajumbe na kwamba kilichobaki ni chumba cha juu kisicho na dirisha, kwa bei iliyokaribia mara mbili ya ile niliyoahidiwa. Nilikuwa nimeshalipa dola 30 za viza pamoja na nauli ya gari kutoka uwanja mpya wa ndege, ulio mbali kweli na mji, na sikuwa na nguvu ya kubishana. Hivyo ndivyo nilivyojua, mwishoni mwa Novemba 2024, kuwa nimeingia Kambodia wiki ile ile ambayo nchi wanachama wa Mkataba wa Ottawa zinakutana kupima zilipofikia katika kupiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini.

Mimi nilifuata mahekalu. Tiketi ya siku moja ya Angkor ni dola 37, na kwa fedha hizo nilijipatia jua kali na picha zilizojaa visogo vya watalii wenzangu. Ninachokikumbuka vizuri ni wanamuziki waliokaa juu ya mkeka kando ya njia, chini ya kibao kilichoeleza kuwa wote ni majeruhi wa mabomu. Miguu yao ya bandia ilikuwa imepangwa pembeni, na mmoja ulikuwa bado umevishwa kandambili.

Kesho yake dereva wa bajaji aliponiuliza kama ningependa kuona panya wanaonusa mabomu, nilicheka. Nimekulia Mazimbu, Morogoro. Panya hao huzaliwa na kufundishwa na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako nimepita kwa daladala mara zisizo na idadi bila hata siku moja kushuka. Sasa nilikuwa nalipa kiingilio cha dola, na nauli ya bajaji juu yake, ili nikatambulishwe kwa jirani yangu.

Alikuwa panya buku hasa, mwenye mashavu ya kufichia chakula na mkia uliobadilika kuwa mweupe kuelekea nchani. Kijana aliyemshika alikuwa akimpaka masikioni mafuta ya kuzuia jua kwa ncha ya kidole, taratibu, kama mama anayempaka mtoto mchanga. Kisha alimfunga mkanda kifuani, akamwachia kwenye kamba iliyovutwa baina ya watu wawili, naye akaanza kwenda na kurudi huku pua ikigusa udongo. Katikati ya mstari alisimama, akarudi hatua moja, akakwaruza chini kwa miguu ya mbele. Kidude mkononi mwa kijana kikalia “klik”, na panya akakimbilia kipande cha ndizi.

Kijana alieleza kwa Kiingereza cha polepole kwamba eneo lenye ukubwa wa uwanja wa tenisi panya hulimaliza kwa nusu saa, ilhali mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma anaweza kuchukua hadi siku nne, kwa kuwa kifaa hupiga kelele kwa kila msumari na kizibo cha chupa. Panya hajali chuma; anachotafuta ni harufu ya baruti, na kwa kuwa uzito wake ni kilo moja na ushei, hawezi kulipua bomu kwa kulikanyaga. Panya aitwaye Magawa, aliyezaliwa Morogoro mwaka 2013, aligundua zaidi ya mabomu 100 nchini humo na kupewa nishani ya dhahabu na shirika la hisani la Uingereza kabla ya kufa mwaka 2022.

Usiku nilimpigia mama simu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Huko wanakula nini?”

Nilipomsimulia habari za panya alinyamaza kidogo. “Yaani umepanda ndege kwenda kutazama panya buku? Si ungekuja hapa nyuma ya nyumba? Wamenimalizia mihogo yote.”

Katika chumba kile kisicho na dirisha nilikosa usingizi, nikawa nawawazia wajumbe waliolala vyumba vyenye dirisha. Mkataba wao ulitiwa saini Desemba 1997 na kuanza kutumika Machi 1999. Tanzania iliuridhia mwaka 2000, ikateketeza akiba yake na kubakiza kiasi cha mafunzo, kama unavyoruhusu. Siku chache tu kabla ya mkutano, Marekani, ambayo haikujiunga, ilikuwa imekubali kuipa Ukraine mabomu hayo hayo. Kuhusu mabomu ya vishada, yale yanayofunguka angani na kumwaga vibomu vidogo vingi, hali yetu wenyewe haipendezi: mkataba uliokubaliwa Dublin mwaka 2008 tuliutia saini mwaka huo huo, na hadi ninasafiri tulikuwa hatujauridhia. Wenyeji wangu, ambao mashariki ya nchi yao ilimwagiwa mabomu hayo na ndege za Marekani, hawakuwa wameutia saini kabisa. Tangu nirejee, Finland, Poland na nchi tatu za Baltiki zimeamua kujitoa katika Mkataba wa Ottawa, na Thailand imeituhumu Kambodia kutega mabomu mapya mpakani, jambo ambalo Kambodia imelikanusha.

Lakini narudi kwa yule kijana, kwa sababu kabla sijaondoka kituoni aliniuliza swali ambalo sikulitarajia. Alipojua nimetoka Morogoro alilitamka jina hilo vizuri kuliko watu wengi wa ughaibuni, kisha akauliza kama kwetu kuna mabomu mengi ardhini, maana panya wote wanatoka huko. Nilimjibu kuwa yaliyopo ni ya shamba la mazoezi, nayo yameshaondolewa makali.

“Kwa hiyo watoto wanapita popote?”

Nilimweleza njia yetu ya mkato ya kwenda shule: ilikatiza mashamba ya mahindi, ikashuka korongoni, ikatokea nyuma ya vyoo vya walimu, na masika ilipozibwa na majani tuliikanyaga upya mahali popote tulipotaka. Aliwatafsiria wenzake wawili, nao wakauliza kitu. Walitaka kujua ni nani aliyetuonyesha pa kupita mara ya kwanza. Nikasema hakuna, tulipita tu. Jua lilikuwa limeshapanda, na panya akarudishwa kizimbani.