Visa ya mama ilivyotuchorea ramani

Ramani ya kwanza niliichora nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, usiku, watoto wamelala. Munich hadi Ancona kwa gari, feri kuvuka Adriatiki mpaka Igoumenitsa huko Ugiriki, halafu turudi kwa barabara ya pwani: Albania, Montenegro, Kroatia, Slovenia, Austria. Ukihesabu na Ujerumani tunakotoka, nchi nane. Nilijiona mjanja sana. Hata kile kipande cha Bosnia kinachokata pwani ya Kroatia nilikuwa nimeshakikwepa, maana tangu mwaka 2022 kuna daraja la Pelješac.

Mama alikuwa anakuja kutoka Mombasa kukaa nasi siku 45, na safari yenyewe ilikuwa kwa ajili yake. Nikamwambia anitumie picha ya visa ili nikate tiketi za feri kwa jina lilivyo kwenye pasipoti. Picha ikaja imepinda, na kidole gumba chake kimefunika robo nzima. Lakini pale palipoonekana palitosha. Kwenye mstari wa idadi ya kuingia, pale ambapo wengine huandikiwa MULT, yaani mara nyingi, yeye ameandikiwa 01.

Nilikaa na ile simu mkononi kitambo. Maana ya 01 ni kwamba ukishatoka eneo la Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, visa imekwisha, hata kama siku zimebaki thelathini. Mama angeingia kwa kushuka uwanja wa ndege wa Munich, akasafiri nasi Austria, Italia na Ugiriki bila taabu, kwa sababu nchi hizo zote ni Schengen na visa aliyopewa na Wajerumani inafanya kazi kotekote. Siku tungevuka mpaka kuingia Albania, angekuwa ametoka. Tungefika Kroatia, ambayo imo Schengen tangu Januari 2023, angehesabiwa anaingia mara ya pili. Tungekwama mpakani, mimi, mume wangu, watoto wawili na bibi yao, na mahamri yake kwenye kikapu. Mimi mwenyewe nina pasipoti ya Kenya, ila kibali changu cha ukaazi wa Ujerumani kilinitosha. Ndiyo maana sikuliona. Nilikuwa nimeangalia karatasi zangu tu.

Mume wangu alijaribu kuuliza kama mama hawezi kupumzika nyumbani wiki ile ya pili. Sikumjibu, naye hakuuliza tena.

Kalenda ikaenda kwenye pipa. Safari hii nikaanzia pale ambapo ningeanzia tangu mwanzo: kwenye feri. Hoteli unaweza kuibadilisha, barabara unaweza kuigeuza, lakini meli ina siku yake na saa yake, na kila kingine kinaning'inia hapo. Tukaamua kwenda kwa meli na kurudi kwa meli, Ancona–Igoumenitsa, nasi tuzunguke kaskazini-magharibi ya Ugiriki tu. Nchi nne badala ya nane. Kukata kwenda na kurudi pamoja kulitupunguzia nauli, na tarehe nazo zilitusaidia. Shule za Bavaria, jimbo letu, hufunguliwa katikati ya Septemba, wakati majimbo mengi ya Ujerumani yameshaanza zamani. Kwa hiyo tulivuka mwisho wa Agosti, wakati umati unarudi kutoka Ugiriki na sisi ndio tunakwenda.

Kosa la pili lilikuwa langu peke yangu. Fomu ya tiketi inauliza kimo cha gari pamoja na mzigo wa juu. Nikaandika kimo kilichoandikwa kwenye kadi ya gari, mita 1.65, nikaendelea. Wiki moja kabla ya safari mume wangu akafunga keria na lile sanduku refu la mizigo, nami nikapita hapo na kikombe cha chai nikashtuka. Tulichukua futi. Mita 2 na sentimita 8. Kwenye meli sentimita hizo zina bei, kwa sababu gari refu haliwezi kuegeshwa chini ya zile sitaha fupi, lazima lipangwe na magari makubwa. Tulilipa tofauti. Heri kulipia sebuleni kuliko kwenye foleni bandarini na watu wanakupigia honi.

Barabara yenyewe haina mengi. Austria unanunua vinyeti ya kupita barabara kuu, lakini Brenner, ile njia ya milimani ya kuvukia Italia, inalipiwa kando, vinyeti haikuokoi. Italia unachukua tiketi kwenye mashine unapoingia na unalipa unapotoka. Usifuate mistari ya njano ya Telepass kama huna kile kifaa chao cha garini kinacholipa chenyewe. Tulilala njiani karibu na Modena, kwa sababu ni kama kilomita 800 mpaka Ancona na sikutaka mama akae garini siku nzima, wala sikutaka kukimbizana na saa ya meli. Bima ya afya ya mama tulikuwa nayo tayari. Bila bima ya angalau euro 30,000 visa yenyewe haitoki.

Bandarini tulifika saa tatu kabla ya meli kuondoka. Tuliambiwa dereva aingize gari peke yake na sisi wengine tupande kwa miguu. Mama hakulipenda hilo hata kidogo. "Likoni tunapanda pamoja," alisema, akimtazama mkwewe anavyomezwa na mlango wa meli. Nilikuwa nimeshafunga begi moja la usiku, kwa sababu meli ikiondoka huruhusiwi kushuka kwenye gari mpaka mfike: dawa za mama za presha, nguo za kulalia, chaja, mswala, na ndoo ndogo ya mahamri. Kabini ya watu wanne yenye choo ilikuwa ghali, na mdogo alilala na mimi. Sijutii. Nimeona watu waliolala kwenye vitanda vya upepo sitahani, na upepo ule usiku si mchezo.

Saa ya isha mama aliniuliza kibla kiko wapi kwenye chombo kinachokwenda. Tulifungua dira ya simu kwenye ujia. Bahati ya njia ile, omo la meli linaelekea kusini-mashariki karibu usiku kucha, na Makka iko upande huohuo. Akatandika mswala kuelekea omo, akaniambia nahodha huyu ni mtu mwema.

Asubuhi nilimkuta sitahani, kajifunga leso juu ya sweta langu, anatafuna mahamri. Tulikuwa tumeshaingia mkondo ulio kati ya kisiwa cha Corfu na bara. Kushoto kwetu milima mikavu ilishuka mpaka majini, karibu kiasi cha kuona nyumba. Simu yake, yenye laini niliyomnunulia Munich, ikalia. Akaisogeza mbali na macho, akasoma polepole.

"Mwanangu," akasema, "hawa wanasema karibu Albania. Si ulinambia siruhusiwi?"

Nikamwambia azime data haraka.