Nyekundu Mbili

Mwenye nyumba wangu kule Shizuoka alikuwa mzee mkali kwa mambo madogo. Viatu vielekee mlangoni. Chupa zioshwe kabla ya kutupwa. Samurai asipakwe rangi ya fedha. Hilo la tatu halikunihusu mwanzoni. Nilikwenda Japani kusoma sayansi ya bahari, na chumba chao cha juu nilikipanga kwa kuwa kilikuwa karibu na kituo cha treni na kodi yake ililipika.

Kwa asiyeijua, Shizuoka ni nchi ya chai na ya vidude vya kuunganisha. Watengenezaji wa vidude hivyo, Tamiya, Hasegawa na Aoshima, wote ni wa mkoa huo, na kila Mei, katika kumbi za Twin Messe, hufanyika maonyesho ambayo watu hutoka Japani nzima kuyafuata, waje watazame vifaru na ndege za ukubwa wa kiganja. Mzee alikuwa mmoja wa watu hao. Nyuma ya jiko alikuwa na chumba chembamba chenye taa ya shingo ndefu, na kabati la kioo lililojaa wapiganaji wa karne ya 16, kila mmoja kimo cha milimita 54 au karibu na hapo.

Kilichoniingiza katika chumba hicho ni hina. Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, Unguja. Kwa mama mdogo kulikuwa hakukatiki maharusi, nami nilianza kwa kushika taa, nikapanda cheo nikawa wa kujaza majani, mwisho nikaachiwa vidole. Idd ya kwanza ugenini nilijitia hina peke yangu. Mke wa mzee alipouona mkono wangu, akaunyoosha wake bila ya kusema neno. Nikamchorea kikonyo kimoja kutoka kwenye kifundo hadi ncha ya shahada. Mzee alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Ua hakulitazama. Alikitazama kidole changu cha mwisho, kilivyoegemea mkono wa mkewe ili vile vingine vitulie.

"Mkono wako hautikisiki," alisema.

Wake ulikuwa umeanza kutikisika. Hakuwahi kunitamkia hilo, lakini kikombe kilikuwa kikigonga kisahani.

Juma la maonyesho lilipofika, sanamu aliyotaka kuipeleka ilikuwa haijakwisha. Mpanda farasi wa ukoo wa Ii, wa madini laini meupe, aliyefinyangwa Ulaya. Mzee alizaliwa upande wa Hamamatsu, si mbali na Iinoya alikotoka Ii Naomasa, bwana wa ukoo huo, kwa hiyo jambo lenyewe lilikuwa la nyumbani kwao. Farasi alikuwa tayari, uso na macho tayari, sahani za deraya tayari. Zilibaki nyuzi. Baada ya chakula cha jioni, usiku wa kuamkia siku ya kupanga meza, alivuta kiti cha pili chini ya taa, akakipangusa kwa kiganja, akarudi kukaa kwenye chake.

Sisi wa mbali tukisikia deraya tunafikiri chuma, na chuma tunakifikiria kuwa cha kung'aa kama sufuria mpya. Ndiyo maana kila anayeanza hukimbilia rangi ya fedha. Deraya ya samurai hufanywa kwa bamba za chuma au za ngozi ngumu, zikapakwa urushi, vanishi ya jadi ya Kijapani, tabaka juu ya tabaka hadi chuma chenyewe kisionekane tena, kisha bamba hizo zikashonwa pamoja kwa kamba za hariri. Mabega, sketi ya mapaja, kinga ya shingo, vyote vinaning'inia kwenye kamba. Ukizikata, shujaa anabaki na rundo la vipande miguuni. Mzee aliniletea kofia ya kivita ya mjukuu wake, zile ndogo zinazowekwa sebuleni kwa ajili ya sikukuu ya watoto ya tarehe 5 Mei, ambayo mkewe alikuwa hajairudisha sandukuni. Ilikuwa na kamba za kweli. Nikaipinda, nikaigeuza, nikaona jinsi kila safu inavyoingia kwenye tundu na kutokea chini.

Urushi wenyewe ulinichekesha aliponieleza. Ni utomvu wa mti, na mbichi huunguza ngozi vibaya; mafundi wapya huvimba mikono. Mti huo ni wa ukoo mmoja na mwembe na mbibo. Mtoto wa Unguja haambiwi kuhusu mafuta ya ganda la korosho, tulishaungua midomo sote. Mzee akafungua droo, akanionesha kopo la rangi waitayo kashuu, inayotengenezwa kwa mafuta hayohayo ya ganda la korosho, ambayo Wajapani huitumia mahali pa urushi pale fedha zinapopungua. Nililishika lile kopo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kazi sasa. Watu wa Ii walivaa nyekundu. Baada ya ukoo wa Takeda kuanguka mwaka 1582, Tokugawa Ieyasu, mkubwa wa Naomasa, aliwaweka wapiganaji wengi wa Takeda chini yake, na kikosi chake kikachukua ile desturi ya kuvaa nyekundu kuanzia kofia hadi kinga za miguu. Mzee alitaka nyuzi nazo ziwe nyekundu. Nyekundu juu ya nyekundu. Mke wake, aliyekuwa akipita na sahani, alimwambia aweke buluu watu wapate kuona kitu. Hakujibiwa.

Ikabidi tupate nyekundu mbili. Ya bamba ilikuwa tayari: rangi ya chini ya kahawia iliyokolea, nyekundu juu yake, mikunjo imetiwa giza kwa kahawia yenye tone la kijani, na kingo zimepandishwa kwa chungwa. Nyeupe haikuguswa, maana nyekundu ukiitia nyeupe inakuwa waridi, na hakuna aliyekwenda vitani na waridi. Mwisho vanishi ya kung'aa, kwa sababu urushi hung'aa. Hariri haing'ai hivyo. Kwa hiyo nyuzi zilipata nyekundu iliyoegemea zambarau kidogo, kavu, isiyorudisha mwanga, na juu ya kila uzi mikwaruzo myembamba ya mkingamo ya rangi nyepesi zaidi, ili jicho lidhani limeona msokoto.

Rangi iliwekwa juu ya karatasi ya kuokea, chini yake sponji lililolowa, isikauke. Brashi ilikuwa ya manyoya ya kolinsky, mnyama wa jamii ya kicheche, nene kuliko nilivyotarajia. Nikaomba nyembamba. Mzee akakataa: nyembamba haibebi rangi, inakauka njiani kabla hujafika. Kinachochora ni ncha. Hapo nikamwelewa moja kwa moja, kwani piko nayo ukiichukua kidogo sana inakatika katikati ya kidole cha biharusi.

Lakini mambo mengine hayakufanana. Mkono wa biharusi una joto, unasogea, unacheka, na mchoro unaufuata. Ukikosea jani unaligeuza kuwa ua. Huyu wa milimita 54 alikuwa amegandishwa kwenye kipande cha mti, haendi popote, na nyuzi zake haziruhusu ubunifu wowote. Uzi wa pili ni kama wa kwanza. Wa kumi na moja ni kama wa pili. Kwa kweli ilinichosha roho kabla ya kunichosha mkono, na nadhani ndipo nilipoanza kuwaheshimu waliozishona zile za kweli, ambao majina yao hayapo kwenye kabati lolote, wakati majina ya waliozivaa yanafundishwa shule.

Mzee hakuwa akichora. Alishika taa, akaisogeza kila nilipobadilisha upande, na akazungumza. Alinihadithia ukungu wa asubuhi ya vita vya Sekigahara, mwaka 1600, na jinsi Naomasa alivyopenya mbele ya waliopewa heshima ya kuanza vita. Alinihadithia jioni yake, Naomasa akiwafukuza maadui wa ukoo wa Shimazu, akapigwa risasi, na kwamba mwaka 1602 alikwishakufa. Akanieleza na pembe: katika ukoo ule, bwana mwenyewe huvaa pembe za dhahabu pembeni mwa kofia, na wafuasi wake huziweka mbele. Za sanamu yake aliziweka pembeni. Nilisikiliza nusu nusu, pumzi nikiitoa baada ya kila mstari.

Tulimaliza treni za kwanza zikianza kupita.

Kwenye Twin Messe tulipewa meza pamoja na klabu yake. Mkewe alikuja na chai mpya ya mwaka huo kwenye chupa. Sanamu iliwekwa mbele, juu ya kitambaa cheusi, na kibendera chake chekundu mgongoni. Nikakaa nyuma nikisubiri mtu aziseme zile nyuzi. Watu walipita, wakainama, wakapiga picha, wakasema farasi ni mzuri.

Kisha akatokea mgeni mmoja, mtu mzima, miwani ya kukuzia ikining'inia shingoni. Aliinama muda mrefu hasa. Moyo ukanienda mbio. Alipoinuka alisema, kwa adabu sana, kwamba pembe zimekosewa. Bwana mkubwa hubebewa bendera na watu wake, haibebi mgongoni mwenyewe. Huyu ana bendera, basi ni mfuasi. Na kama ni mfuasi, pembe ziende mbele. Mzee akasema huyu ni Naomasa. Mgeni akasema basi hiyo bendera ni ya nani. Wakaanza. Wengine wa klabu wakasogea, mmoja akatoa simu kutafuta picha, mwingine akadai amewahi kuyaona mavazi yenyewe kwenye jumba la makumbusho la kasri la Hikone, lililokuwa la ukoo wa Ii. Chai yangu ikapoa. Hakuna hata mmoja aliyetaja nyuzi.

"Pembe ziko sawa," nikasema kutoka nyuma, kwa Kijapani changu cha kubahatisha. "Kilichozidi ni bendera."

Wakageuka wote. Mzee alinitazama, akaitazama sanamu, akakishika kibendera kwa vidole viwili, akakichomoa, akakitia mfuko wa shati.

"Sasa je?" akamuuliza mgeni.

Mgeni akarudisha miwani machoni, akainama tena.

"Tundu linaonekana," akasema.