Majani ya pembeni yalinila miaka mitatu

Mti wa bonsai, yaani mti unaokuzwa chunguni ubaki mdogo, nilikuwa nao tayari: msonobari wa goyomatsu, ule ambao sindano zake huota tano tano, na haufiki hata goti langu. Nikadhani kazi imekwisha.

Ninaishi Saitama, Japani, karibu na kijiji cha bonsai cha Omiya, kilichoanzishwa mwaka 1925 na watunza bustani waliohama Tokyo baada ya tetemeko la 1923. Nilijifunza huko. Kwenye onyesho la darasa letu, niliweka pembeni ya msonobari kijungu cha maua ya zambarau yaliyochanua vizuri. Mwalimu, mzee wa maneno machache, akakichukua akakiweka chini ya meza. Basi. Nilinuna siku nzima, kusema kweli.

Hasira zilipopoa nikaelewa. Mmea wa pembeni, wenyewe wanauita shitakusa, unatakiwa kudokeza mti umetoka wapi na huu ni msimu gani, kisha unyamaze. Msonobari wa mlimani na maua ya bustanini, wapi na wapi!

Nikachagua fuuchiso, majani ya milimani ambayo jina lake maana yake ni "yanayojua upepo". Na kweli, ukipita tu karibu yanatikisika. Udongo wake ni keto, mweusi wa kinamasi, unaonata vidoleni. Niliuchanganya na akadama, udongo wa punjepunje, nikaukanda mpaka ukashikana kama tonge la ugali, nikapata bonge la ukubwa wa chungwa. Juu nikalivisha koke, lile zulia la kijani linaloota kwenye mawe yenye unyevu.

Mwaka wa kwanza nilizidisha mbolea, majani yakarefuka ovyo. Wa pili nilisafiri siku mbili katika joto la Agosti, nikakuta bonge limekuwa jiwe. Likishafika hapo, maji ya kumwagia yanateleza tu. Nililizamisha kwenye ndoo hadi viputo vilipokoma. Februari nikayakata majani yote hadi shinani, roho ikiniuma.

Mwaka wa tatu mizizi ilikuwa imebanana, majani yakatoka mafupi, membamba. Vuli yakageuka rangi ya shaba. Nikayapeleka kwenye onyesho.

Mwalimu alisimama, akayatazama. Akayasogeza kidogo kuelekea upande ambao mti umeinamia, akaenda zake kunywa chai.