Kompresa Mpya, Mafuta Yaleyale

Lori lile lilipoletwa garajini kwetu, upande wa Panzi hapa Bukavu, kompresa yake ilikuwa mpya, hata rangi haijaanza kubabuka. Ndicho kilichomchoma mwenye gari, mama mmoja mfanyabiashara wa Kadutu ambaye wote tulimwita Mama Patroni. Garaji nyingine ilikuwa imemwambia anunue kompresa kwa sababu matangi ya hewa yanatoa mafuta. Akanunua. Mafuta yakarudi. Sasa fundi wa kule anataka hela ya nyingine tena, eti ile ilikuwa feki.

Mimi nilikuwa bado najifunza kazi, mtu wa kuosha vyuma kwa mazutu, yaani dizeli, na kushika taa.

Kwa asiyeyajua magari makubwa, breki zake zinabanwa kwa hewa. Kompresa inazungushwa na injini na kulainishwa kwa mafuta ya injini hiyohiyo, inasukuma hewa kwenye matangi mpaka presha ifike kama bar 8. Mafuta kidogo hupenya siku zote, hilo si ajabu. Yakizidi ndipo raba za vali zinapovimba, vali zinakuwa nzito, na breki inachelewa kushika na kuchelewa kuachia. Shofere alikuwa ameshayaona hayo kwenye mteremko wa Ngomo, njia ya kushukia Kamanyola: ameachia pedali, magurudumu ya nyuma bado yameshikwa, moshi unatoka. Aliyewahi kushuka Ngomo na mzigo hana haja ya kuelezwa zaidi.

Mzee, mwenye garaji yetu, hakuigusa kompresa. Aliniagiza kipande cha katoni nyeupe na glasi ya maji. Nilidhani ana kiu.

Akajilaza chini ya gari, akavuta waya wa kumwagia tangi la kwanza. Kwenye katoni likaruka tope zito la rangi ya kahawa ya maziwa, linanuka kuungua. Akalisugua kati ya vidole, akalinusa, akachovya ncha ya bisibisi na kudondoshea kwenye glasi. Lile tone likaelea, likatandaa juu ya maji na kung'aa.

“Si ya klachi,” akasema. “Ni ya moteri.”

Maana klachi ya gari lile nayo ilisaidiwa na hewa, na raba yake ikikatika mafuta yake huweza kuingia upande wa hewa. Lakini mafuta ya klachi na ya breki huchanganyika na maji, ya injini hayakubali. Lile tope la maziwa nalo lilikuwa na habari yake: kikaushio cha hewa kimelowa mafuta hadi hakinyonyi tena unyevu, ndiyo maana maji na mafuta vimekorogana matangini.

Baadaye akamwambia shofere awashe injini, akakaa juu ya tairi kuukuu, mikono magotini, anasikiliza. Mshale wa presha ukapanda ukafika 7, ukaanza kusitasita. Tukangoja. Kwa kawaida presha ikitimia, kikaushio kinapiga chafya kubwa ya hewa na kompresa inapumzika. Chafya haikuja.

Mama Patroni akachoka. “Mzee, minakulipa ya kusikiliza?”

“Ndiyo, mama. Hii kazi ni ya maskio.”

Akamuuliza utingo kama asubuhi wanaikuta hewa matangini. Kijana akacheka: kila asubuhi mishale iko chini kabisa, inabidi injini ingurume muda mrefu ndipo breki ya mkono iachie, maana hiyo hubanwa na springi na hewa ndiyo huiachia. Shofere akamkata jicho. Hapo Mzee akaomba sabuni.

Nilitembea na kopo la povu na brashi, napaka kila kiungo kuanzia nyuma. Nyuma kukavu, chini ya sakafu kukavu. Nilipopanda kwenye kabini, shofere akasema huko hakuna kitu. Nikapaka hivyohivyo. Nyuma ya honi, ile honi ndefu ya hewa aliyojifungia mwenyewe juu ya paa, bomba lilikuwa limeunganishwa na kufungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Povu likafura kama kichwa cha mtoto, likapasuka, likafura tena.

Ndiyo hiyo tu. Hewa inavuja mchana na usiku, kompresa haipati nafasi ya kupumzika, kichwa chake kinawaka moto, mafuta yanakuwa mepesi na kupita ringi za pistoni. Mpya au kuukuu, ingetema vilevile. Mzee akafungua pia bomba la chuma linalotoka kompresa kwenda kwenye kikaushio, akanionyesha tundu lake. Masizi magumu yalikuwa yamelijaza, likabaki upenyo wa penseli. Wale waliofunga kompresa mpya walilirudisha bomba lilelile la zamani, na kompresa ikawa inasukuma hewa kwenye koo lililoziba. Mimi hadi leo siwezi kulisamehe hilo. Kufungua bomba lile ni kazi ya spana moja.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndefu na chafu: bomba jipya, kikaushio kipya, kumwaga na kupangusa matangi, kufungua vali ya pedali na kubadili raba zake, ambazo zilitoka laini na nene, hazirudi tena kwenye mifereji yake. Mama Patroni alilipa bila kubishana, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Honi akaamuru ing'olewe. Shofere akaja kuinunua kwangu kwa siri, nikamtuma kwa Mzee.

Kilichomtesa yule mama ni kompresa ya kwanza. Aliiacha kule kwenye ile garaji nyingine kama chuma chakavu. Alipotuma watu kuifuata wakaambiwa imeshatupwa. Baadaye utingo wake akaiona kwa macho yake, akaitambua kwa alama ya msumeno kwenye mguu wa kompresa yenyewe: imefungwa kwenye lori la mtu mwingine, na mwenye lori anaisifu.