Namna tulivyoupata tena mtama wa shingo ya bata

Kazi hii ilianza na lalamiko la mama. Ilikuwa Januari 2020, nimekwenda kumsalimu kijijini kwetu wilayani Chamwino, Dodoma. Tulikuwa tunakula ugali kwa mlenda, akaliweka tonge chini akasema, "Mwanangu, huu si mtama. Huu ni unga tu." Alikuwa anaukumbuka mtama wa mama yake: mwekundu, mchungu kidogo, suke limepinda chini kama shingo ya bata. Kweleakwelea waliupita wakaenda kushambulia shamba la jirani, kwa sababu ndege hapati pa kutua vizuri kwenye suke la namna hiyo, na akionja punje hazimpendezi. Nikamuuliza mbegu yake iko wapi. Hakuwa nayo. Dada zake nao hawakuwa nayo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, si bwana shamba. Ila jambo hilo liliniuma. Mbegu iliyowavusha watu miaka ya njaa ilikuwa imetoweka bila mtu yeyote kuitupa. Mwaka mmoja ulilima alizeti kwa sababu ina fedha, mwaka wa pili mahindi kwa sababu watoto wanataka sembe, wa tatu mtama mweupe wa Macia kwa sababu ndio wanunuzi wanaoutaka. Mbegu ya zamani inabaki kwenye kibuyu, inaliwa na fukusi, basi. Simlaumu mtu. Macia naulima mimi mwenyewe, unakomaa mapema na unaniokoa.

Nilianza vibaya. Nilitunga maswali thelathini, nikayachapisha, nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Wazee walinipokea kwa heshima, "mbukwenyi", salamu yetu ya Kigogo, na kiti juu, wakanijibu kwa adabu, na sikupata kitu. Mpaka bibi mmoja akanitazama mkononi akauliza, "Na wewe umekuja na bahasha?" Ndipo nikasikia habari yote. Miaka ya nyuma walipita wageni, wakachukua mbegu kwenye bahasha za kaki, wakaandika majina, wakaondoka. Hakuna aliyerudi kuwaambia walichokiona.

Tukaitisha kikao chini ya mbuyu. Makubaliano yalikuwa haya: daftari litakaa kijijini, kwa mtunza hazina wa kikundi cha akina mama; kila mbegu itaandikwa kwa jina la mwenye nayo; na maswali watauliza wao. Hapo ndipo kazi ilipogeuka. Mimi nilikuwa nauliza gunia ngapi kwa ekari. Wao waliulizana mtama upi unafaa uji wa mtoto anayeachishwa ziwa, upi haubunguliwi haraka kwenye kilindo, upi unavumilia kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, upi unaweza kupandwa mvua ikichelewa mpaka Januari, upi bua lake ni tamu watoto wakitafuna. Kwa mtu wa Dodoma, mwenye msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, maswali hayo ndiyo yanayopima mbegu. Gunia linakuja baadaye.

Tulichora msalaba mkubwa mchangani, tukapata vyumba vinne. Cha kwanza, mbegu zinazolimwa na kaya nyingi kwenye eneo kubwa. Cha pili, kaya nyingi eneo dogo. Cha tatu, kaya chache eneo kubwa. Cha nne, kaya chache eneo dogo. Kila mwenye mbegu alileta punje kidogo akaziweka kwenye chumba chake. Macia ilijaa chumba cha kwanza. Chumba cha nne kilikuwa na vifurushi saba vidogo, kimoja kimefungwa kwenye pindo la khanga, na mwenye nacho hakutaka kukifungua mpaka wanaume wasogee nyuma. Palikuwa kimya kabisa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya chumba kile.

Umri wa mbegu tuliupima kwa njaa. Bibi hakwambii mwaka, anakwambia mama yake aliupata ukweni baada ya Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo ya mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia, au kwamba uliachwa walipohamishiwa vijiji vya ujamaa kwenye Operesheni Dodoma ya 1971. Nikajifunza kuandika hivyo hivyo, na mwaka nikauweka pembeni kwa penseli.

Mtama wa shingo ya bata haukuwa mchangani siku ile. Tuliupata miezi miwili baadaye, kitongoji cha juu, kwa ajuza ambaye hakuweza kutembea mpaka kwenye kikao. Alisikia tunachokitafuta, akanyoosha kidole darini. Juu ya mafiga lilining'inia suke moja, jeusi tii kwa moshi, limefungwa kwa kamba ya mkonge. Moshi ndio uliowazuia wadudu. Akang'oa punje moja, akaipangusa masizi kwa kidole gumba, ikawa nyekundu. Akaiweka kwenye jino moja lililobaki upande wa kulia, akaiuma. Ilitoa mlio mkavu, tak. "Bado iko hai," akasema.

Tulijaribu punje ishirini kwenye kitambaa chenye maji. Zilichipua saba. Zilizobaki kwenye suke tulizipanda zote msimu ule, robo tu ya kitalu, na akina mama wakapeana zamu za kukaa dunguni kuamia ndege ingawa mbegu yenyewe ilisifiwa kwamba haihitaji. Hakuna aliyekubali kuijaribu sifa hiyo mwaka wa kwanza.

Kwenye mawele nilifanya kosa ambalo mtu mwingine asilirudie. Mtama hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, hivyo aina mbili zikikaa karibu hazichanganyiki sana. Uwele sivyo: chavua yake huruka na upepo. Nilipanda aina mbili, wenye manyoya kwenye suke na usio na manyoya, hatua chache tu kati yao. Msimu uliofuata shamba lilikuwa mchanganyiko mtupu. Ilibidi turudi kuomba mbegu upya, kwa aibu. Sasa kila aina ya uwele iko kitongoji chake, kilima kikiwa katikati, na mbegu tunazitoa kwenye masuke mengi ya katikati ya shamba, kamwe si pembeni.

Jambo gumu kuliko ndege na upepo ni sheria. Sheria ya Mbegu ya 2003 inataka mbegu inayouzwa iwe ya aina inayotambuliwa na iliyothibitishwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Hata mbegu ya kuazimiwa ubora, ambayo mkulima mdogo anaruhusiwa kuizalisha, ni lazima itokane na aina iliyosajiliwa. Mtama wa yule ajuza haupo kwenye orodha yoyote. Kwa hiyo hatuuzi. Tunakopeshana: ukichukua kibaba kimoja unarudisha viwili, na unalieleza daftari mvua ilikuwaje. Tumejadili pia kupeleka sehemu kwenye benki ya taifa ya nasaba za mimea, Arusha. Mimi naunga mkono, kwa sababu moto mmoja wa nyumba unaweza kumaliza yote. Akina mama wamekubali kwa sharti kwamba barua iandikwe kwanza, iseme ni ya nani na inafaa nini, na nakala ibaki kwenye daftari. Naona wana haki.

Yule ajuza alifariki kabla ya mavuno ya pili. Matanga yalipoisha, mjukuu wake alikuja na kibuyu kitupu, akaomba aandikwe. Mtunza hazina akafungua ukurasa wa bibi yake, akaweka jina la binti chini yake, akampimia kibaba kimoja. Mama yangu alikuwa amekaa mlangoni, mtama mwekundu kwenye ungo mapajani, anapepeta ule wa kwenda mashineni.