Jinsi Maji ya Mvua Yalivyoamua Ukubwa wa Loji Yetu

Tulipoanza kupanga loji ndogo ya utalii wa mazingira kwenye ufuo usio na umeme wa gridi wala bomba la maji, wabia wenzangu walikuja na mchoro wa majengo 8 ya ghorofa, kila moja likiwa na chumba cha chini na cha juu. Walitaka tukubaliane kwanza idadi ya vyumba, kisha ndipo tutafute maji ya kuvitosheleza. Mimi nilishikilia kwamba tupime kwanza maji yanayopatikana bila kumdhuru mtu mwingine, na vyumba vifuate kipimo hicho.

Njia ya mkato ingekuwa kuchimba kisima. Hata hivyo, katika mchanga wa pwani maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi, na kwa kanuni ya watafiti Ghyben na Herzberg, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Maana yake ni kwamba pampu ikishusha maji kwa nusu mita tu, mpaka wa chumvi unaweza hatimaye kupanda kwa takriban mita 20, na wa kwanza kuionja chumvi hiyo watakuwa majirani wenye visima vifupi. Sikuona haki yoyote katika mgeni kuoga mara tatu kwa siku huku mwenyeji akinywa maji ya chumvichumvi. Wazo la mashine ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari halikudumu, kwani hula umeme mwingi na huacha maji mazito ya chumvi ambayo lazima yamwagwe mahali fulani.

Tukabaki na mapaa. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1. Hivyo paa la mita za mraba 60, mahali penye mvua ya milimita 900 kwa mwaka, hata likipoteza sehemu moja ya tano, hukusanya lita 43,200. Wageni wawili wanaotumia lita 60 kila mmoja kwa siku humaliza lita 43,800 kwa mwaka ikiwa chumba hakikai wazi hata siku moja. Ukiongeza chumba cha juu, wageni huwa maradufu ilhali paa ni lile lile. Hesabu hiyo ndiyo iliyoifuta ghorofa. Kilichosaidia pia ni mfano wa kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, ambako mabanda 7 tu hupokea wageni kwa kutegemea maji ya mvua.

Jumla ya mwaka, hata hivyo, hudanganya, kwa sababu kinachotesa ni urefu wa kiangazi. Siku 120 bila mvua zinahitaji lita 14,400 kwa banda moja, na maji hayo lazima yawe tangini mvua inapokatika. Mapaa ya nyasi yanapendeza katika picha, ila maji yake hutoka na rangi ya chai, kwa hiyo tuliezeka mabati. Kabla ya tangi kuna bomba la wima lenye mpira mwepesi wa duara unaoelea ndani: maji ya kwanza, yaliyobeba vumbi na kinyesi cha ndege, hulijaza bomba hilo, mpira hupanda na kuziba mdomo, na maji safi yanayofuata huelekea tangini. Chini ya bomba kuna tundu dogo linaloyadondosha maji machafu taratibu. Tundu hilo huziba upesi, na kijana anayelizibua kila wiki nampa heshima kuliko mhandisi aliyelichora.

Vyoo vilifuata mantiki hiyo hiyo. Choo cha kuvuta cha kawaida hutumia takriban lita 6 au zaidi kila mara, na shimo lake likichimbwa katika mchanga, nitrojeni hupenya hadi baharini na kurutubisha mwani unaoyafunika matumbawe. Tulijenga vyoo vya mboji, yaani vyoo visivyovutwa kwa maji ambamo kinyesi huoza na kuwa mbolea, vyenye feni ndogo ya umeme wa jua inayovuta hewa kushuka chini ya kiti na kuitoa juu ya paa. Wageni huulizia harufu kabla hawajaulizia bei.

Kuiacha ghorofa kulileta faida ambayo sikuihesabu mwanzoni. Vitoto vya kasa vikitoka kiotani hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa kawaida ni bahari, na dirisha la juu linalowaka huvipotosha kuelekea nchi kavu. Mabanda mafupi yaliyo nyuma ya vichaka vya matuta ya mchanga hayaonekani kutoka ufuoni, na taa za njiani tuliziweka chini, zenye kofia na rangi ya kaharabu, yaani manjano iliyokolea.

Kila tangi lina kijiti cha kupimia. Kikionyesha chini ya robo kabla mvua haijarudi, banda hilo hufungwa na wageni wake huhamishiwa jingine. Kwa ajili hiyo tunaacha banda moja bila kuliuza katika wiki za mwisho za kiangazi, jambo ambalo mhasibu wetu hulilalamikia kila tunapofunga hesabu za mwaka.